Geuza Jezi Kabla ya Maji

Mimi ni mstaafu. Chekeni, mmalize, kisha mnisikilize. Nina miaka ishirini na sita, mtoto wangu bado ananyonya, na vidole vyangu bado vinaweza kufuma ukosi huku macho yakiwa dirishani. Lakini nimestaafu, kwa sababu kule ateliye, kwenye chumba cha kufuma cha kampuni ya shaba, hawanitaki, na hata wakija kunipigia magoti sirudi. Nawaandikia ninyi wasichana mliokalia viti vyetu, hasa wewe uliyepewa kiti changu karibu na beseni. Nimesikia hakuna kati yenu anayejua alama. Nimesikia mnaosha kwanza na kuangalia baadaye. Basi nitawafundisha, na sitawafundisha kwa upole, kwa sababu upole uliniisha.

Tuanze na jina la nguo yenyewe. Humo ndani mtasikia watu wanasema mayo, kwa Kifaransa, au triko. Sisi wote tulisema hivyo, isipokuwa Baba Ramazani. Yeye alisema jezi. Alikuwa fundi wetu mkubwa, mzee Mwislamu, ukoo wao ulitoka Kasongo, Maniema, na baba yake alikuwa anashona kanzu mtaa wa Kamalondo, hapa Lubumbashi. Alipokuwa kijana alivuka mpaka akafanya kazi Ndola, kwenye duka la sufu la bibi mmoja Mwingereza. Alirudi Lubumbashi na vitu viwili: sindano nne za chuma, na neno hilo.

Yaya Mujinga, dada yetu mkubwa pale kazini, hakumwachia.

"Baba Ramazani, jezi njo nini? Iko dawa ya kuhara?"

"Kama ingekuwa dawa ya mudomo," mzee alijibu bila kuinua macho, "weye Mujinga ningekupa ya kwanza."

Siku moja ya baridi, umeme umekatika na mashini zimelala, tulimbana atueleze. Akasema:

"Jezi iko jina ya kisiwa. Kadogo, mu bahari, katikati ya Bangereza na Bafransa. Ule bibi alizaliwa kule. Alinionyesha ku karte, ile ramani, mi nikafikiri ni kinyesi cha inzi. Bamama ba kule balikuwa banafuma soksi za sufu, kisha triko za bavuvi. Bantu ba inchi zingine bakaipenda, banasema: leta ile ya Jezi. Mwisho bakachoka kusema 'ile ya'. Kisha bale ba kupiga mupira bakaivaa, kisha nasi tunaifuma hapa, na hatujui ni jina ya fasi, ya mahali pa bantu."

"Na alama?" niliuliza. Kila mmoja wetu alikuwa na alama yake, mishono michache ndani ya ukosi, na mzee hakuwahi kutuambia sababu. Sefu wetu, mkuu wa ateliye, aliamini ni ya kumkamata mwenye kazi mbaya. Alipenda sana jambo hilo, mpaka akaanza kusema ni wazo lake.

Baba Ramazani alipunguza sauti. "Bahari inakula uso kwanza. Samaki anapenda macho. Muvuvi akirudishwa na mayi baada ya wiki tatu, mama yake mwenyewe hawezi kumujua. Kwa hiyo kila nyumba ya kule iko na mushono yake. Banageuza triko, banasoma, banasema: huyu ni wa fulani. Banamulilia."

Yaya Mujinga ndiye aliyesema, "Wapi, Baba! Huku kwetu hakuna bahari."

"Bahari hakuna," alisema mzee. "Mayi iko chini."

Halafu, kwa kuwa hakupenda uongo, akaongeza kwamba hajui kama habari ya mishono ni kweli, maana yule bibi alipenda kuogopesha watu. Ila kisiwa kiko.

Sasa kazi. Ukosi unaupima kwa ngumi mbili: ngumi zikipita pamoja, kichwa kitapita. Ukikaza zaidi, mchezaji atatoka na masikio mekundu na atakutukana mpaka dakika ya tisini. Lakini usiulegeze ovyo. Ukosi mzuri hautoki kwa kuvutwa tu. Mtu lazima ainue mikono yote miwili. Kumbukeni hili, nitalirudia.

Maji ya moto, kamwe. Doa la kijani la shaba linatoka kwa ndimu na chumvi, kisha jua. Mikono ya jezi, hesabu safu kwa sauti, usihesabu moyoni. Mimi wakati wa kuanza nilimfumia kipa wetu mikono miwili yote ya kushoto. Alicheza mechi nzima kama mtu aliyebeba mbuzi asiyeonekana. Yaya Mujinga alinikumbusha jambo hilo kila Jumatatu kwa miaka mitatu.

Na kabla ya tone lolote la maji, geuza. Ndani nje. Angalia ukosi, kwapa, upindo. Nguo iliyovaliwa imebeba habari, na maji hayasomi, yanafuta tu. Haya ni maneno ya Baba Ramazani, si yangu. Mimi ni yule ambaye hakuyafuata.

Mume wangu aliitwa Kalenga. Alikuwa beki wa timu ya kambi yetu ya wachimba shaba, na kazi yake ilikuwa chini ya ardhi, kwenye shimo la shaba. Jezi yake, namba tatu, niliifuma nikiwa na mimba ya miezi mitatu. Yaya Mujinga alifungua mfuko wake wa samaki wakavu, nikakimbia nje kutapika, niliporudi hesabu imenipotea. Mkono wa kushoto ukatoka mfupi, safu kumi na mbili pungufu. Vidole vinne. Baba Ramazani aliniambia nifumue. Kalenga alikuja kuichukua, akaivaa pale pale mlangoni, akanyoosha mikono, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Vua, nitengeneze," nilimwambia.

"Acha ivo, mama. Za bantu bote ziko sawa. Yangu nitaijua hata mu giza."

Ndani ya ukosi nilikuwa nimeweka alama yangu, mishono mitatu myekundu iliyolala kwa upana. Hakuiona. Hakuna anayeiona mpaka ageuze.

Juni na Julai, mnajua baridi ya hapa. Kalenga alivaa jezi chini ya ovaroli. Ilikatazwa, na wote wanne wa kundi lake walifanya hivyo: namba tatu, namba nne, namba tano, namba nane. Walikuwa wanasema timu haishuki nusu.

Lile juma alilopotea, mgeni mkubwa wa Chama alikuwa anakuja mjini, na habari mbaya hazikuruhusiwa. Nasema kama ilivyokuwa: hazikuruhusiwa. Sisi wanawake wa ateliye tulitolewa kila alasiri uani kujifunza kucheza na kuimba sifa, vitambaa viunoni, mimi na mtoto wa miezi mitano mgongoni. Sefu mbele yetu, ndani ya abakosti yake mpya ya kijivu, suti ile ya Chama isiyo na tai, anapiga makofi. "Rukeni, basitwayene! Meno nje!" Basitwayene, yaani raia wanawake, ndivyo Chama kilivyotuita.

Mnajua mashini za kuvuta maji kutoka chini ya shimo. Ukiishi kambini huzisikii tena. Zinavuma mchana kutwa kama damu masikioni. Alhamisi ile, katikati ya wimbo, Yaya Mujinga alisimama.

"Munasikia?"

"Mi sisikii kitu," nilisema.

"Njo hivyo. Hakuna kitu."

Tulisimama wote. Uani palikuwa na kimya ambacho sijakisikia tena, ungesikia mtu akimeza mate. Mtoto mgongoni mwangu akaanza kulia. Sefu akapiga makofi. "Nani aliwambia musimame? Rukeni!"

Tukaruka. Mimi pia niliruka.

Kalenga hakurudi jioni ile. Wale watatu pia hawakurudi. Jumamosi tuliambiwa wamevuka mpaka, wako Zambia, ni watoro, wasaliti wa nchi. Shimo la chini lilifungwa, wakasema ni kwa matengenezo. Wake za watoro hawaruhusiwi kuweka kilio. Ungemlilia nani? Mtu aliyekimbia haliliwi mkekani kwa jina. Unakaa tu na mdomo umejaa. Kambini watu waliniambia kwa huruma, "Bwana yako eko Kitwe, ameoa kule." Wengine walikuwa wanamwangalia mtoto kwa jicho la pembeni, kama ameiba kitu. Mwanzoni niliomba arudi. Baada ya siku kumi sikuomba hata hilo. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: mimi ni mjane, au nimeachwa?

Wiki tatu zikapita. Mashini zilikuwa zimeanza kuvuma tena.

Jumatatu ule mfuko wa timu ulikuja kama kawaida. Mnaujua: jezi kumi na moja na tatu za akiba (zile nne tulikuwa tumeshaamriwa kuzifuma upya), zina vumbi na majani ya uwanja. Nikazitoa moja moja. Kumi na nne zikawa sakafuni, kavu. Nikaingiza mkono kukung'uta mfuko, nikagusa nyingine.

Ilikuwa baridi kama kitu kilichotoka kisimani. Ilitona maji. Mfuko wenyewe ulikuwa mkavu, na zile kumi na nne zilizolala juu yake zilikuwa kavu. Harufu yake ilikuwa ya sarafu uliyoiweka mdomoni. Mtoto wangu, ambaye kila Jumatatu alilia kwa sababu ya sabuni, alinyamaza akainama juu ya bega langu. Nilihisi pumzi yake shingoni. Akanyoosha mkono.

Jezi ilikuwa imekunjamana, namba haionekani, matope ya kijivu mgongoni. Kwenye weupe wa mbele palikuwa na mistari mitatu ya kijani cha shaba, imenyooka kama imechorwa kwa rula. Mmoja usawa wa tumbo. Mmoja kifuani. Wa tatu chini kidogo ya ukosi.

Sefu alikuwa anapita. "Ile chafu njo nini? Osha mbio, kesho beko na mechi."

Na mimi nikaosha. Sikugeuza. Nilikata ndimu, nikamwaga chumvi, nikasugua mstari wa tumboni. Ukatoka. Nikasugua wa kifuani. Nilijivuna hata, naukumbuka ujinga wangu, nikasema moyoni mkono wangu bado ni mzuri. Kisha nikashika mikono ya jezi pamoja ili niikamue, kama mnavyofanya, na wa kushoto ukabaki nyuma.

Vidole vinne.

Yaya Mujinga anasema nilikaa chini na jezi mapajani, maji yakinishuka miguuni. Baba Ramazani alikuja akapiga magoti kando yangu, polepole, kwa ajili ya goti lake bovu.

"Geuza," alisema.

Niligeuza. Mishono mitatu myekundu, imelala kwa upana, kama nilivyoiweka.

Mzee alipitisha kidole juu ya mstari uliobaki. "Mayi ilipanda, ikasimama. Muda murefu, mpaka ikaandika. Ikapanda tena." Kidole kikashuka kifuani, mahali palipokuwa peupe. "Hapa kulikuwa nini?"

"Mstari."

"Na hapa?"

"Mstari, Baba."

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali.

Halafu alinionyesha jambo jingine, na hili ndilo nililowaambia mkumbuke. Ukosi ulikuwa mzima, haukukatwa, haukuchanika. Mwanamume akivua jezi mwenyewe anashika nyuma ya shingo na kuvuta, na mgongo unanyooka. Mgongo wa hii haukunyooka. Kwapa ndizo zilikuwa zimevutwa juu, zote mbili, moja zaidi ya nyingine. Mtu alikuwa amemwinua mkono mmoja, kisha wa pili, taratibu, kama unavyomvua mtoto aliyelala.

"Iko muntu alimuheshimu," alisema Baba Ramazani.

Sefu alirudi kwa sababu ateliye nzima ilikuwa imesimama. Alisikia, akatazama, akanyoosha mkono. "Mama, ile ni mayo ya timu. Mali ya inchi. Lete."

"Ivae kwanza. Kama mkono wako wa kushoto ni mufupi, chukua."

"Bwana yako eko Zambia. Ilitangazwa."

"Alivuka mpaka tumbo wazi, mu baridi ya Julai? Na jezi yake ikarudi peke yake, na miguu gani?"

Yaya Mujinga alicheka, cheko moja kali, kisha likageuka kilio kooni. Sefu aliinama akashika upindo, akavuta. Mimi nikavuta. Kisha akaachia ghafla kama ameungua, akaangalia vidole vyake. Vilikuwa kijani. Akavipangusa kwenye abakosti. Nasikia doa lile halikutoka, na suti ile haivai tena. Wasichana, kama atawaletea muitie ndimu, mwambieni ndimu zimekwisha.

Siku ile ile nilifukuzwa. Nikaenda nyumbani, nikatandika mkeka uani, mchana kweupe, nikaweka kiti, nikaweka jezi kitini, na nikapiga yowe la kwanza. Wiki tatu lilikuwa limekaa kifuani. Majirani walifunga madirisha. Kwa saa nzima nilikuwa na Yaya Mujinga na Baba Ramazani tu, mzee anasoma dua zake, Mujinga anaimba nyimbo za kwao Kasai, na hakuna aliyemzuia mwenzake. Kisha wakaja wake za wale watatu. Walisimama mbele ya kiti, wakaangalia jezi, wakaangaliana, na hawakulia. Hawakuwa na haki bado. Mmoja aliuliza kwa sauti ndogo, "Ilikuwa peke yake mu mufuko?" Nikamwambia ndiyo. Baadaye watu wa kambi walianza kuja, mmoja mmoja, wanaketi bila kusalimu.

Siku ya pili niliona mtu amesimama nje ya ua. Alikuwa wa kundi la mashini za maji, namfahamu kwa sura. Mikono yake ilikuwa kijani mpaka viwikoni. Nilimwendea na mtoto mkononi.

"Ni weye uliweka ile mu mufuko?"

"Mama, mi sikuweka kitu."

"Basi nani alimuinua mikono?"

Aliitazama mikono yake. Mtoto alikuwa anamchekea.

"Ilikuwa mizito," alisema.

Akaondoka. Kesho yake nilimtafuta, wakaniambia amehamishwa, hawajui wapi. Kwa hiyo sijui Kalenga amelazwa wapi. Lakini najua mimi ni mjane, na mwanangu ni mtoto wa marehemu, si wa mtoro. Nilijua kwa safu kumi na mbili nilizokosea na mishono mitatu ambayo mzee alinilazimisha kuweka. Na mistari miwili ya mwisho wa mume wangu niliifuta kwa ndimu, kwa mkono wangu, kwa sababu mtu aliniambia mbio. Wa tatu sijaugusa. Jezi iko ukutani. Imekauka tangu Agosti, ila upindo. Asubuhi naweka sahani chini yake.

Sasa sikilizeni, maana Baba Ramazani macho yamemwacha na Yaya Mujinga ameondoka kwa hasira, na hakuna mwingine humo wa kuwaambia. Namba nne ilifumwa na Mujinga: vifundo viwili, nafasi, kifundo. Namba tano pia ni yake, ila uzi ni wa manjano. Namba nane ni ya Baba Ramazani mwenyewe: mshono mmoja wa buluu, mdogo, upande wa kulia. Iandikeni ukutani nyuma ya beseni kama Sefu hatazami. Wake zao bado wako kambini na midomo imejaa.

Kila Jumatatu hesabuni mnapotoa. Ikitoka ya kumi na tano, msimwite mtu. Msikate ndimu. Hata kama inawatonea miguuni, igeuzeni, someni, kisha mmoja wenu akimbie kwenye nyumba inayohusika, na awe anakimbia kweli.

Na mkiwa mnachezeshwa uani, na mashini za maji zikanyamaza, acheni kuruka. Hata akiwapigia makofi. Nendeni kwenye mlango wa shimo wote, na vitambaa hivyo hivyo viunoni, muite majina ya walio chini, moja moja, kwa sauti, mpaka mtu aziwashe. Maji yanasimama kidogo kabla ya kupanda tena. Nimeyaona yalipoandika.